Mla Karanga Kaburini

Bibata Gampiné alishuka kaburini saa nne na nusu asubuhi, akiwa na sare yake ya zahanati, kandambili miguuni na simu mkononi, akaketi chini na kusema kwamba hatoki.

Wachimba kaburi wawili waliokuwa wakipumzika juu ya udongo hawakushtuka. Msiba ulikuwa wa Wagurunsi na mwanamke huyu ni Mbisa, na tangu lini Mgurunsi akazikwa bila Mbisa kuja kuharibu shughuli? Ndio utani wenyewe wa makabila haya mawili, Mbisa mla karanga na Mgurunsi mla mbwa. Mbisa atalala kaburini, ataapa kwamba marehemu hazikwi mpaka alipe mbwa wa jirani aliyemla mwaka fulani, na hatatoka ila kwa fidia. Watampa jogoo, au mbuzi, au kibuyu cha pombe ya mtama. Watu watacheka machozi yakiwa bado mashavuni, kisha maziko yataendelea.

"Mla karanga kafika," mmoja wao alipaza sauti kuelekea uani. "Leteni jogoo mapema, jua linapanda."

"Sitaki jogoo," Bibata alisema.

"Mbuzi, basi."

"Niitie Anselme, mtoto mkubwa wa marehemu. Na yule mama wa pombe mwambie asifungue mtungi hata mmoja. Atakayeonja leo kabla sijatoka humu, nitamlaani mimi na karanga zangu zote."

Mchimba kaburi alicheka, akamtazama vizuri, kicheko kikamkatikia njiani. Mtani anayekuja kuharibu msiba huja amevaa suruali ya mume wake kichwani, huja na ngebe. Huyu alikuwa anahema. Jamaa akaenda mbio.

Bibata alikuwa na haki ya kuhema. Asubuhi ile, jua halijachomoza sawasawa, alikuwa amemzalisha Alimata Bancé, binti wa miaka ishirini, Mbisa mwenzake, aliyefika kijijini Nepyolo mwaka jana tu na mumewe mnunuzi wa karanga. Mtoto alitoka akilia kwa nguvu, wa kike, mzima. Kisha damu ya mama ikakataa kusimama. Bibata na muuguzi wa zahanati walifanya kila walichofundishwa, gari la wagonjwa likaja, likamchukua Alimata kwenda hospitali ya mjini, mwendo wa dakika arobaini. Saa nne daktari akapiga simu. Damu imesimama, alisema, lakini aliyobaki nayo mwilini ni kidogo mno, na kwenye jokofu hakuna kundi O hata chupa moja. Nahitaji tatu, ikiwezekana nne, kabla ya saa nane. Tafuta watu, Bibata.

Tafuta watu! Daktari alikuwa kijana, alisoma mjini, hakukijua kijiji. Nepyolo kwenye karatasi za serikali ina watu elfu mbili na ushei, lakini karatasi hailimi wala haijibu ukiita. Wanaume wake wengi wako Ivory Coast wakichuma kakao, au wako mashimoni wakitafuta dhahabu. Kijijini wamebaki wazee, watoto, na wanawake ambao nusu yao wana mimba na nusu wananyonyesha. Bibata aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyewapokea duniani, akawapima uzito, akawadunga chanjo, akawaona wakiota ndevu, akawaona wakipanda basi. Mume wa Alimata, Bibata alishampima mwenyewe, hakuwa kundi O. Na damu ya Bibata, ambayo ilikuwa O safi, isingeweza kutolewa tena kwa sasa. Alikuwa ametoa wiki tano zilizopita, na mwanamke husubiri miezi minne.

Alisimama mlangoni mwa zahanati, simu sikioni, akasikia marimba ya msiba kutoka upande wa pili wa kijiji. Hapo akili ikamzinduka. Mwili wa mzee Bassana ulikuwa umewekwa siku tatu kusubiri wanawe, na jana jioni mabasi mawili yaliwashusha wote: wana, wapwa, wakwe, vijana wa marika yao, mikono imejaa nguvu za kubeba magunia ya kakao. Leo, na labda kesho, Nepyolo ilikuwa na wanaume. Kijiji kile kilikuwa na damu siku ya msiba tu.

Lakini maziko yalikuwa saa tano. Na maziko yakiisha, mitungi thelathini ya pombe iliyokuwa ikichacha tangu juzi ingefunguliwa, na aliyekunywa hatolewi damu. Hakuwa na hata saa moja. Alipanda pikipiki ya muuguzi bila kuomba.

Kufa kufaana, wahenga walisema, ila hawakusema mtu afanyeje pale aliyekufa anapokuwa rafiki yake wa miaka thelathini.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Bibata alipoletwa Nepyolo kama mkunga msaidizi, alikuwa na miaka ishirini na minne, hajui lugha, na hakuna mwanamke aliyetaka kushikwa tumbo na mgeni. Wiki tatu alikaa mlangoni akimenya karanga alizotumiwa na mama yake, akiwatazama wajawazito wakimpita kana kwamba zahanati ni kichuguu. Siku ya nne ya wiki ya nne akapita mwanamume mrefu mwenye jembe begani. Akasimama, akatazama karanga, akamtazama yeye.

"Wewe Mbisa?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilijua. Nimesikia harufu ya karanga toka shambani." Akainama, akachota karanga konzi nzima, akatia mfukoni, akaondoka. Bibata akainuka, akamrukia mgongoni.

"Mwizi! Mla mbwa! Rudisha karanga zangu."

Kijiji kizima kilisikia. Bassana Bationo alicheka mpaka akaketi chini, akawaita watu waje wamwone mtumwa wake aliyetoroka zamani, sasa karudi mwenyewe amevaa sare. Bibata akasema yeye ndiye bwana na Bassana ndiye mtumwa, na kama anabisha aonyeshe hati. Siku iliyofuata mke wa Bassana, Ebou, alikuja zahanati na tumbo lake la miezi saba. Nyuma yake walikuja wanawake wanne. Mgeni haaminiki, lakini mtani ni mtu wa nyumbani, hata kama ni mwizi, hata kama ni mtumwa.

Tangu siku hiyo Bassana hakuwahi kununua karanga kwa Bibata. Aliiba. Kila siku ya soko, miaka thelathini, hata alipokuwa akitembelea fimbo. Bibata naye kila mwaka mpya alimpelekea mnyororo wa mbwa, amefunga kwa utepe. Mumewe Bibata alipofariki, Bassana alifika msibani amejifunga shuka kama bibi harusi, akalala mlangoni, akasema mjane huyo ni mali yake kwa hiyo mahari irudishwe. Bibata alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Baadaye ndipo alipoelewa kwamba kicheko kile kilimrudisha duniani.

Anselme alifika kaburini na jasho la shughuli, suti nyeusi, viatu vya mjini. Miaka kumi na minane Ivory Coast ilikuwa imemnenepesha na kumsahaulisha mambo mengi.

"Mama Bibata, shikamoo. Pole na safari ya shimoni." Alichomoa noti ya faranga elfu tano. "Haya, umetuchekesha. Toka tumzike baba, katekista anasubiri."

"Marahaba. Weka noti yako mfukoni. Fidia yangu ni damu."

"Damu ya nini? Kuku?"

"Yako. Na ya wadogo zako. Na ya kila kijana aliyeshuka kwenye yale mabasi. Magari matatu ya mizigo yako pale nje, mpande sasa hivi, mwende hospitali, mchomwe sindano, mtoe. Kuna binti anakufa kwa kukosa damu. Mkinipa chupa nne, natoka. Hamkunipa, baba yenu atalala sebuleni mpaka Krismasi."

Watu walikuwa wameshajaa ukingoni. Mtu akauliza ni binti gani. Bibata akamtaja. Kicheko kikalipuka mwanzo hadi mwisho wa ua.

"Mke wa mnunuzi wa karanga?" kijana mmoja alisema. "Yule anayetupunja mizani? Damu ya Kigurunsi iingie kwa mla karanga? Kesho ataanza kubweka."

"Abweke," Bibata alisema. "Bora mbwa anayebweka kuliko Mbisa aliyenyamaza. Wewe ndiye wa kwanza kupanda, nimekuona, mishipa yako kama kamba za kisima."

Walicheka tena, lakini Anselme hakucheka. Alichuchumaa ukingoni, akashusha sauti.

"Mama, nakuheshimu. Nusu yetu ni wewe uliyetupokea duniani. Lakini damu siyo mbuzi. Mbuzi nikikupa nitanunua mwingine. Baba yangu yuko ndani siku ya tatu, joto hili, wageni wamefunga safari. Utani una mipaka. Toka, tuzike, halafu kesho tutazungumza habari ya damu."

"Kesho tutazungumza habari ya jeneza la pili."

"Basi nitakutoa mwenyewe."

Akavua koti. Akashusha mguu mmoja. Wachimba kaburi wakatazamana, maana mtani hatolewi kaburini kwa nguvu, hilo halijawahi kuonekana, na anayelifanya huenda mkono ukampooza. Bibata aliona kiatu cheusi kikining'inia mbele ya uso wake, na woga ukamshika kwelikweli, siyo woga wa Anselme, ni wa saa. Simu ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi.

"Anselme," alisema. "Unajua unamzika nani leo?"

"Namzika baba yangu."

"Unanizika na mimi. Baba yako ana chupa yangu mwilini."

Mguu ukasimama.

"Wiki tano zilizopita vidonda vya tumbo vilimpasukia, akatapika damu hadi mkeka ukalowa. Tulimpeleka hospitali ile ile. Walitaka damu ya kundi O. Wewe ulikuwa kwenye kakao. Wadogo zako walikuwa kwenye kakao. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaona mla karanga mmoja tu. Nikalala kitandani, wakanitoa. Kwa hiyo hili kaburi nina haki nalo kuliko wewe. Humu ndani inaingia damu yangu, na mimi nimekuja kudai irudishwe. Siidai kwa ajili yangu. Mpeni huyo binti."

Marimba yalikuwa yamenyamaza. Anselme aligeuka kumtafuta mama yake. Ebou alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, kanga nyeupe ya ujane kichwani.

"Mama, mlisema kwenye simu baba alikuwa na homa ndogo."

"Ungekuja?" Ebou aliuliza. "Msimu wa mavuno, ungekuja?"

Anselme akafuta jasho la uso kwa kiganja.

"Tulikuficha ili usiumie," Ebou alisema. "Mtani wetu alimpa wiki tano. Katika wiki hizo tano alipanda mtama wa mwisho, akamaliza ukuta wa choo, akaniomba msamaha kwa jambo ambalo sitakuambia. Na kila asubuhi alilalamika kwamba tangu atiwe damu ya Kibisa anaota karanga. Sasa pandeni magari. Mkirudi tutamzika. Baba yenu aliwasubiri siku tatu, hatashindwa na saa tatu."

Anselme alitazama kiatu chake kilichokuwa bado kinaning'inia kaburini. Akakitoa taratibu. Kisha mwanamume yule mzima, mwenye mashamba mawili ya kakao, akasema kwa sauti ambayo waliokuwa karibu tu waliisikia:

"Mimi naogopa sindano."

"Najua," Bibata alisema. "Ulining'ata kidole kwa chanjo ya surua. Kovu hili hapa. Nenda."

Yakaondoka! Yale magari matatu ya mizigo, ya magurudumu matatu, vumbi jekundu nyuma, wanaume kumi na wanawake wawili, suti na vitambaa vya msiba, wakiimba kwa sababu hawakujua la kufanya lingine. Muuguzi, aliyekuwa amefika kwa miguu kufuata pikipiki yake, alitangulia nayo kuwapanga. Bibata alisikia mlio wa injini ukipungua mpaka ukaisha, akaegemeza mgongo kwenye udongo wa baridi.

Sheria ya utani ni kwamba hutoki mpaka fidia ilipwe yote. Kwa hiyo alikaa. Jua likapanda likasimama juu ya shimo. Wanawake walimfunika mkeka juu kama paa, wakamshushia maji kwenye kibuyu, wakamzomea kwa zamu. Mmoja alimuuliza kodi ya chumba hicho ni kiasi gani. Mwingine akasema kwa mara ya kwanza Mbisa amepata nyumba isiyovuja. Bibata aliwajibu wote, jino kwa jino, hakuna tusi lililoanguka chini. Mama wa pombe alikaa juu ya mitungi yake akiwa na mwiko, akiwatishia wazee. Ndani ya nyumba Bassana alisubiri kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo alipokuwa hai.

Saa sita simu haikulia. Saa saba haikulia. Alijua mahesabu yote: dakika arobaini za njia, kupimwa kundi, kupimwa maradhi, kutolewa, kupelekwa wodini. Alijua pia Alimata alivyokuwa mweupe midomoni alipopandishwa garini, na jinsi alivyouliza kama mtoto ana vidole vyote. Mtoto alikuwa zahanati, mgongoni kwa mwanamke mwingine, bila jina. Bibata akaanza kuhesabu mawe madogo kwenye ukuta wa kaburi, akafika hamsini, akarudia.

Saa nane kasorobo simu ikalia. Alikaribia kuiangusha.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Anselme, nyembamba kidogo. "Mmoja wamemkataa, presha. Mmoja pumzi imemsaliti, kumbe alionja pombe alfajiri, tumemtukana. Watu wanne tumepatikana kundi O. Mimi mmojawapo."

"Umelia?"

"Nimezimia. Lakini baada ya kutoa, siyo kabla. Usimwambie mtu."

"Alimata?"

"Chupa yangu imeshaingia, sasa wanamtundikia ya pili. Daktari anasema ataishi. Amefumbua macho, ameuliza huyu mtu mnene aliyesimama hapa na suti ni nani. Nikamwambia mimi ni bwana wake, na yeye sasa ni Mgurunsi robo. Unajua amesemaje? Amesema basi ndiyo maana ananuka mbwa."

Bibata aliangusha kichwa nyuma akacheka, kicheko kikapanda kaburini kikatoka nje, na waliokuwa uani wakajua. Vigelegele vikaanza upande wa wanawake. Mtu akapiga marimba kwa nguvu, wimbo wa harusi, hakuna aliyemkataza.

Waliporudi, kila mmoja na pamba kwenye kiwiko, walipokelewa kama askari waliotoka vitani. Jeneza likatolewa, likawekwa ukingoni. Katekista akafungua kitabu chake. Anselme akasimama juu ya shimo, akasema kwa sauti kubwa kama desturi inavyotaka:

"Mtani, fidia imelipwa, chupa nne. Toka kwenye nyumba ya baba yangu."

Bibata hakutoka. Alijaribu kuinuka, akakaa tena.

"Miguu imekufa ganzi," alisema.

Haikuwa kweli, na Anselme, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, alielewa jambo bila kuambiwa. Siku nzima mwanamke huyu alikuwa amezuia maziko. Sasa akitoka tu, Bassana anaingia. Na mtani halii msibani. Kazi yake ni kuchekesha, hata kama aliyekufa ndiye aliyemchekesha yeye.

Anselme akaruka ndani na suti yake, akachuchumaa kando yake. Walikuwa karibu mabega kugusana.

"Ilikuwa lini mara yake ya mwisho kukuibia?" aliuliza.

"Alhamisi iliyopita. Hakuweza kutembea. Alimtuma Ebou aniibie."

Akatia mkono kwenye mfuko wa sare yake. Ulikuwa umejaa karanga, kama siku zote. Akazimwaga chini pale pale, upande wa kichwa, mpaka mfuko ukawa mtupu, akazilainisha kwa kiganja zisitawanyike.

"Haya, mla mbwa," alisema. "Leo huna haja ya kuiba."

Anselme akamsimamisha kwa mkono ule ule wenye pamba, akamwinua juu, na wachimba kaburi wakampokea kwapani. Ebou alikuwa pale ukingoni. Alimwona usoni kabla ya mtu mwingine yeyote kumwona. Akavuta upande wa kanga yake ya ujane, akamfuta macho haraka haraka, lile kisha hili, akajisimamisha mbele yake kumkinga.

"Mla karanga kaingiwa na vumbi la kaburi," aliwaambia watu. "Mleteeni maji anawe uso."